Ndoo ya Vyura Usiipandishe Mlimani

Minago, alasiri, siku yako ya mwisho kuwa nyumbani

Sauda wangu,

Amahoro, mwalimu! Acha nikuite hivyo kabla wanafunzi wako hawajakuita, ili niwe wa kwanza. Tangu ulipopangiwa shule nimekuwa kama mtoto siku ya Idi. Jana jirani yetu anayekamua mawese alipita akanikuta nimesimama barazani peke yangu nikicheka. Akauliza, "Muzee, iko mutu anakuchekesha?" Nikamjibu, "Iko. Binti yangu anakwenda kufundisha biolojia." Akasema, "Haya, hiyo biolojia isituulie muzee." Na kweli moyo ulikuwa unapiga kasi kuliko daktari anavyoruhusu.

Sasa umekwenda Rumonge kununua vitu vyako vya mwisho, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nimepata nafasi. Naandika mchana kwa sababu usiku macho yangu hayaoni mstari. Pia kila nikijaribu kukuambia jambo hili kwa mdomo, kikohozi kinanikata katikati, wewe unakimbia kuniletea maji, na nikimaliza kunywa nimeshapata ujanja wa kunyamaza. Karatasi haikimbii kuniletea maji.

Habari za sweta, za chandarua na za namna ya kusema na direkta wa shule yako sitaziandika. Shangazi yako wa Magara ameshazisema zote, akazirudia, na bado atakupigia simu. Mimi nataka kusema juu ya ndoo.

Ile ndoo nyeupe uliyoitoboa mfuniko, iliyo kivulini karibu na mlango wa jikoni. Barua hii utaikuta juu yake, maana najua ndiyo utakayokwenda kuitazama kwanza, hata kabla ya kunisalimu. Ndani yake mna vyura wa matete uliowatoa bondeni kwetu, wale wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wenye mapaja mekundu kwa ndani, pamoja na viluwiluwi wao. Kesho unataka kupanda nao gari la Bururi, ukawatie katika bwawa la shule yako. Nakuomba usiwapeleke. Nakuomba uwarudishe leo, kwenye maji yale yale ulikowatoa. Hilo ndilo ombi langu lote. Kilichobaki humu ni sababu, na sababu yenyewe ni mimi.

Juma lililopita nilijaribu, unakumbuka? Nilianza kwa mzaha, nawe ukanijibu kwa mzaha.

"Huko mlimani hakuna vyura?"

"Wako, Baba. Lakini watoto wa kule wanaogopa igikere, chura yeyote. Nataka waone hawa wadogo, wazuri, waache kuwarushia mawe."

"Na hao wa huko wamekukosea nini hata uwaletee wageni?"

Ukacheka, ukaweka mkono kiunoni kama mama yako. "Ee Baba! Wewe mwenyewe ulibeba. Mama alinambia. Si ndiyo walikuita Mwalimu Gikere?"

Ulikuwa umenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Wazo la ndoo hukulitoa chuoni wala kitabuni. Umelitoa katika hadithi ambayo mama yako alikulaza nayo tangu unanyonya, hadithi ya baba yako kijana aliyewapandisha vyura kutoka ziwani hadi mlimani akasifiwa. Mama yako, Mungu amrehemu, hakusema uongo. Aliishia pale nilipoishia mimi kumsimulia. Sasa nakupa sehemu iliyobaki.

Nilikuwa na umri kama wako na nimetoka kumaliza masomo Bujumbura. Nilipangiwa shule kwenye kilima kimoja huko juu, na jina la kilima nitakuambia kwa mdomo. Chini ya shule palikuwa na bwawa, na pembeni mwa bwawa matete mengi. Sauda, laiti ungesikia! Jua likielekea kuzama wale vyura wadogo wa matete walianza, mmoja, halafu mwingine, halafu bwawa zima, kama watu wengi wanaogonga vijiko kwenye glasi. Somo la jioni lilikuwa halisikiki. Mimi na mama yako, wapya kwenye ndoa, tulikuwa tunakaa mlangoni tukibishana kama wanaimba kwa zamu au kila mmoja kivyake. Hadi leo sijui nani alishinda.

Bwawa lilikuwa na mbu wengi pia. Mimi kijana wa diploma nikaona nina dawa. Huku kwetu, kwenye mashimo ya maji karibu na mashamba ya mpunga, kuna yule chura mkubwa wa majini, bapa kama sahani, mwenye kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma, asiyetoka majini labda mvua kubwa inyeshe. Unamjua, hukosi kumwona. Anakula kila kinachopita mbele ya mdomo wake. Nikasema, huyu atamaliza mbu wote. Wakati wa likizo nikawavua, nikawajaza kwenye dumu, bidoni ya mawese ya babu yako, niliyoisuuza kwa maji ya moto na kujiona nimemaliza kazi. Tulipofika juu nusu yao walikuwa wamekufa, tumbo juu, na utando mwembamba wa mafuta unang'aa juu ya maji. Nilifundisha watoto kwamba chura anapumua na kunywa kwa ngozi, nilikuwa na picha yake ukutani darasani, na bado nikamtia kwenye bidoni ya mawese. Mtu wa Rumonge hayaoni mawese. Yako mikononi mwetu tangu kuzaliwa, tunadhani ni sehemu ya ngozi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi na ndoo safi.

Safari hii walishika makao. Walizaana. Msimu wa kwanza mbu walipungua, au sisi tulitaka kuamini wamepungua. Direkta akanisimamisha mbele ya wazazi, wakapiga makofi, na watoto wakaanza kuniita Mwalimu Gikere. Nililipenda jina lile, nisikufiche. Nikipita njiani wananiimbia, "Gikere! Gikere!" nami nawafukuza nikiruka kama chura, watu wanacheka. Hadithi ya mama yako inakwisha hapa.

Misimu ikapita. Yule chura mkubwa huimbia chini ya maji. Ukiwa nchi kavu humsikii. Kwa hiyo sikugundua mara moja kwamba ameenea bwawa zima. Kelele za wale wadogo zilipopungua, nilidhani ni mvua imechelewa, au ni upepo. Kisha jioni moja mama yako akasema, "Leo majirani zetu wamenuna." Tukatega masikio. Walikuwa wachache, huku mmoja, kule mmoja, kama watu waliobaki uwanjani sherehe imekwisha. Msimu uliofuata hakuna.

Nilijua kwa nini, binti yangu. Hapo ndipo penye shida yangu yote, nilijua. Darasani tulikuwa tumempasua mmoja wa wale wakubwa, watoto wamezunguka meza, nami nikafungua tumbo lake kuwaonyesha. Ndani mlikuwa na vyura wa matete, wengine bado wazima kabisa kwa umbo, na vile vidole vyao vyenye ncha za duara vimejikunja. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, amemeza watoto wake?" Nikafunika na pamba, nikasema, "Tuendelee na moyo." Tukaendelea na moyo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Wazazi walikutana, na direkta akaniuliza mbele yao, "Wewe ndiye mtu wa biolojia. Nini kimewamaliza vyura wetu?" Kulikuwa na mama mmoja pale kilimani, Mama Konsolata, mjane, aliyekuwa analoweka muhogo wake katika kona ya bwawa lile. Si yeye peke yake aliyekuwa akiloweka, lakini yeye ndiye aliyekuwa na mizigo mingi, maana aliuza unga. Unajua maji ya muhogo mchungu yanavyonuka yakikaa. Nikawatazama wale watu, nikatazama mikono yangu, nikasema, "Ni maji ya muhogo. Sumu yake inaingia kwenye ngozi ya chura." Nikalisema kwa Kifaransa kwanza ili liwe zito, halafu kwa Kirundi. Maji ya muhogo ni makali kweli, kwa hiyo hakuna aliyenipinga. Nilichukua ukweli mdogo nikafunikia mkubwa.

Wakamkataza. Tangu siku ile akawa anateremsha muhogo wake hadi mtoni, chini kabisa ya kilima, na kuupandisha ukiwa umelowa, mgongoni. Wewe umeshabeba muhogo uliolowa. Unajua uzito wake.

Ungefikiri alinichukia. Alikuja nyumbani. Alikuja na kikapu cha unga kichwani, akakiweka chini, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wa kwao, akasema, "Mwalimu, sikujua kama naua. Munisamehe. Hata mimi nilikuwa napenda kuwasikia."

Nami nikamshukuru nikisema, "Hakuna neno, mama. Murakoze cane."

Nikapokea unga. Mama yako akasonga bugali, mweupe, laini, akasifu mkono wa yule mama, tukala. Nilikula nikashiba, Sauda. Hilo linanisumbua kuliko vyura wenyewe. Walioliwa bwawani waliliwa na mnyama mwenye njaa. Mimi nilikula ombi la msamaha la mtu aliyekuwa hana kosa.

Baadaye ikaja miaka ya watu kukimbia. Kilima kile kilitawanyika, sisi tukashuka huku ziwani, na nilipokuja kuuliza habari za yule mama hakuna aliyejua kama alivuka kwenda Tanzania au alibaki njiani. Kwa hiyo sina pa kulipeleka neno hili. Nalileta kwako, si kwa sababu unanidai, ila kwa sababu wewe ndiye unayeshika ndoo.

Najua unachosema moyoni sasa hivi: Baba, wangu ni wadogo, hawamli mtu. Ni kweli. Lakini maji yale utayamwaga wapi? Nimesoma miaka hii ya uzeeni kwamba vyura wanaohamishwa huweza kubeba maradhi ya ngozi, yasiyoonekana kwa macho, na kwamba maji ya ndoo na matope ya buti yanatosha kuyasafirisha. Huenda hata pale kwangu haikuwa tumbo la wale wakubwa peke yake. Mwenye uhakika ni Mungu. Nawe huna namna ya kuwatazama hawa wako ukajua wana nini. Tena ni wa huku chini, kwenye joto. Huko juu kuna baridi ambayo hata wewe utailalamikia. Labda wafe juma la kwanza. Labda wasife, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Basi. Nimeshalisema. Kumbe inaandikika! Nimetembea hadi mlangoni na kurudi.

Sasa acha nikuambie kinachonifurahisha hata nikacheka peke yangu barazani, maana sikutaka uende umebeba huzuni yangu badala ya ndoo. Wewe huhitaji ndoo. Nimekuona ukifanya mambo haya vizuri kuliko mimi tangu ukiwa mdogo.

Unakumbuka siku ya msiba wa mama yako, nyumba imejaa watu, chura mkubwa wa nchi kavu, mwenye vipele mgongoni, akaingia hadi kizingitini? Shangazi yako akaruka na kelele: "Ametumwa huyo! Leteni chumvi! Leteni chumvi upesi!" Na kweli mtu alishakwenda jikoni kuichukua, wamwagie, aungue ngozi yote. Ukasimama kati yao, macho yamevimba kwa kulia, ukasema, "Ametumwa na nani, Shangazi? Amekuja kula mende. Mende wenyewe ni wako, umewaleta kwenye mukeka."

Watu wakacheka, msibani, wakacheka mbele ya maiti. Shangazi yako mpaka leo hajakusamehe ule mkeka. Ukakata jani la mgomba, ukamsukuma yule chura polepole kwa nyuma, hukumgusa hata kwa kidole, ukamwongoza hadi kwenye migomba na kurudi kukaa karibu nami. Hukumchukua kumfuga. Hukumpeleka mbali ili asirudi. Ulimtoa tu penye miguu ya watu, ukamwacha kwake. Mimi mwenye diploma nilikutazama nikasema moyoni, huyu ameelewa, na hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo huko uendako, mvua za kwanza zikianza, chukua watoto wako uteremke nao hadi kwenye bwawa lao. Lao wenyewe! Wakae kimya kwenye nyasi, ingawa nakuhakikishia hawatakaa. Atakayetaka kumshika chura mmoja, alowanishe mikono kwa maji ya palepale kwanza, isiwe na sabuni wala mafuta ya kujipaka, amtazame kidogo, amrudishe kwenye tete lake hilo hilo. Mayai waache. Ukienda bwawa jingine kesho yake, buti zioshwe na zikauke kwanza; wenzako watakucheka, mimi pia nilikuwa nacheka wanaofanya hivyo. Waonyeshe chura wa matete anavyokaa juani mchana kutwa akiwa mweupe kama chokaa, na anavyorudisha rangi kivulini. Ulipoona hilo mara ya kwanza ulikuja mbio nyumbani ukipiga kelele kwamba kuna chura anayevua nguo. Sauda, watoto wa huko nao wanangoja kupiga kelele hiyo, na chura wa kuwapigisha tayari yuko kwao, amekaa kwenye tete, hana habari kama mwalimu mpya anakuja. Nakuonea wivu. Natamani niwe mwanafunzi wako, nikae nyuma kabisa, nisumbue.

Na wakikuuliza jambo usilolijua, sema hujui. Hasa wakikuuliza mbele ya wazazi. Utaona aibu kidogo, lakini hakuna mama atakayepandisha muhogo uliolowa kwa ajili yako.

Sikufichi kuhusu afya yangu, umemsikia daktari. Huenda ukirudi likizo usinikute. Usikatishe masomo ya watoto kwa ajili hiyo. Watanizika wenye nguvu waliopo, nawe utakuja pale utakapoweza. Sina hofu nyingi. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ungeondoka hapa ukiifuata hadithi nzuri ya baba yako, ukaifikisha mwisho ule ule. Sasa unaijua yote.

Nasikia pikipiki inakunja kutoka barabarani. Nakutambua kwa unavyobishana na dereva juu ya mifuko. Naiweka karatasi juu ya mfuniko na kurudi kwenye kiti. Sitakunyang'anya ndoo, wewe ni mtu mzima na mwalimu. Soma hadi mwisho ukiwa umesimama pale pale. Ukiamua kuteremka bondeni, jua bado lipo na mimi nakwenda nawe, usijaribu kuniambia nipumzike. Nikichoka njiani, unibebe mgongoni. Ndoo nitaishika mimi.

Baba yako